TYCS mashuleni: kwaya ipo, fulana zipo, "Tenda" imeishia wapi?

#1 Mkomangi
Tumsifu Yesu Kristo wakuu.

Nenda tawi lolote la TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, iwe shule ya kata au bweni la masista. Kwaya ipo, fulana zipo, mchango wa kongamano la Pasaka unadaiwa tangu Januari. Sasa uliza: muhula huu mmebadilisha nini shuleni kwenu au mtaani? Utaambiwa tulikwenda kituo cha yatima na sabuni na mchele, tukapiga picha, tukarudi.

Mbinu ya TYCS ni Ona, Amua, Tenda. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye tamko la elimu la Oktoba 1965, namba 9, ulitaka shule za Kikatoliki ziwajali kwa namna ya pekee maskini wa mali, waliokosa msaada na upendo wa familia, na wasio na imani.

Ninachodai ni kwamba "Tenda" imekufa mashuleni. Nataka kujua imeuawa na nini. Walezi, mapadre walezi, watu wa idara za vijana majimboni, leteni sababu. Mahubiri tunayo Jumapili.

#2 Chaki Nyeupe
Ratiba. Chukua bweni la kawaida: kuamka saa 10:30 alfajiri, sala au Misa, usafi, vipindi mpaka saa 9 alasiri, chakula, michezo, prepo saa 1 hadi saa 4 usiku. TYCS wanapewa saa moja ya Jumamosi. Ndani yake kuna sala ya kufungua, matangazo, michango, na mazoezi ya nyimbo za Misa ya kesho. Zinabaki dakika 10. Kwaya inadaiwa kila Jumapili, uchunguzi wa hatua ya "Ona" haudaiwi na mtu, basi unasogezwa mpaka mwaka unaisha.

Na msisahau presha ya matokeo. NECTA, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini wazazi wanajipangia orodha zao wenyewe kwenye simu. Mkuu wa shule akiona kidato cha 4 wanazunguka mtaani na daftari la uchunguzi mwezi Agosti, anaona division zake zinaondoka.

#3 Pwagu wa Kigango
Na kwaya ina soda siku ya somo wa parokia. Uchunguzi una soda?

#4 Mama Rejista
Chaki Nyeupe, kwa mabweni sawa. Lakini TYCS ipo pia kwenye shule za serikali za kutwa, ambako hakuna prepo ya saa 4 usiku, na "Tenda" hakuna vilevile. Ratiba haitoshi kuwa jibu.

Mimi naona ni mlezi. Mlezi wa tawi ni mwalimu Mkatoliki aliyepatikana tu. Ana vipindi vyake, ana zamu, hana posho wala semina, na akihamishwa tawi linaanza upya. Padre mlezi wa dekania ana parokia, ana vigango, na shule kumi na kitu. Akifika anaungamisha, anaadhimisha Misa, anaondoka kuwahi mazishi. Viongozi wa wanafunzi nao wanachaguliwa kidato cha 3, kidato cha 4 wanakabidhi. Wanakabidhi nini? Daftari la michango na ufunguo wa kabati la nyimbo. Hakuna ukurasa hata mmoja unaosema "tatizo hili tulilifuatilia, tumefika hapa, ninyi endeleeni".

#5 Historia Haizeeki
Mnaanzia katikati. Rudini nyuma. Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali, zikabaki seminari. Kanisa likakaa muda mrefu bila shule za watu wa kawaida. Ndiyo ile hati ya makubaliano ya 1992 ikarudisha shule, zikaanza upya bila ruzuku, kwa ada. Mtoto wa mkulima wa jembe la mkono hayumo darasani. Hao waliomo wataona nini cha kuamulia?

Kichekesho cha historia: Oktoba 1970, muda mfupi baada ya utaifishaji huo, Mwalimu Nyerere aliwahutubia masista wa Maryknoll kule New York. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga miundo inayowafunga watu kwenye umaskini na udhalili, litakosa maana kwa binadamu. Mkatoliki, mwalimu wa zamani wa shule za Kikatoliki, kachukua shule kisha kawaambia kazi yao ni ipi.

#6 Kifungu kwa Kifungu
#5, hati ya Februari 1992 haikurudisha shule. Ilikuwa makubaliano ya serikali na makanisa, yaani TEC (maaskofu Wakatoliki) na CCT (makanisa ya Kiprotestanti), kuhusu kushirikiana kwenye huduma za jamii, na CSSC, tume yao ya pamoja ya huduma hizo, ikaundwa mwaka huo. Pugu, alikofundisha Mwalimu, mpaka leo ni ya serikali. Shule za Kikatoliki unazoziona sasa nyingi zilijengwa upya, hasa baada ya sera ya elimu ya 1995 kufungua mlango kwa sekta binafsi.

Tofauti inayouma ni hii. Hospitali ya Kanisa ikiingia mkataba na serikali inaweza kupata watumishi wanaolipwa na serikali, pamoja na ruzuku. Sekondari ya Kanisa inalipa mwalimu, mpishi, mlinzi, umeme na maabara kutoka kwenye ada. Ukitaka ishushe ada sema pia nani atalipa mshahara.

#7 Historia Haizeeki
Sawa, zilijengwa upya. Darasa bado limejaa watoto wa wenye nacho. Hoja yangu iko palepale.

#8 Mkomangi
Kuhusu hilo la darasa, Roma yenyewe ilishalisema. Hati ya 1977 ya idara ya elimu Katoliki inataja kwamba mahali fulani shule za Kikatoliki zimelazimika kuchukua wanafunzi wa tabaka la wenye uwezo tu, na namba 58 inasema kwamba zikielekea huko peke yake zinaweza kusaidia kulinda nafasi ya waliopendelewa. Hayo si maneno ya wapinzani wa Kanisa.

#9 Mwana wa Nyeri
Hamjambo. Kwetu Kenya Kanisa ni mfadhili wa shule nyingi za umma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wawakilishi 3 kwenye bodi ya usimamizi, na walimu wanalipwa na TSC, tume ya serikali ya walimu. Maskini wamo darasani tele. YCS iko. Na bado "Tenda" inalegea vilevile. Kwa hiyo ada peke yake haielezi.

Kinachotusaidia kidogo ni vijitabu vya Kampeni ya Kwaresima vya tume ya haki na amani. Kila wiki ina mada moja iliyopangwa kwa hatua hizo tatu: kisa na picha, kisha Maandiko, kisha maswali ya hatua za kuchukua. Kundi lisilo na mwezeshaji linaweza kuanza nacho. Tatizo ni kwamba kisa kimeandikwa Nairobi, hivyo vijana wanajadili ufisadi wa mbali huku tangi la maji la shule linavuja nyuma yao.

#10 Pwagu wa Kigango
Na Kwaresima ikiisha tunarudi kwenye soda.

#11 Seli Ndogo
Sababu zote hizo zina ukweli, lakini wengi wanaosema mbinu imeshindwa hawajawahi kuiendesha. Wameendesha semina. Nieleze inavyokwenda, kila mtu apime tawi lake.

Kundi ni watu 6 hadi 10. Tawi la watu 120 ni mkutano. Ligawanye kwa bweni au kwa darasa. Kwa shule ya kutwa ligawanye kwa njia ya kwenda nyumbani, maana wanaotembea njia moja wanapita kwenye mambo yaleyale kila siku. Kiongozi mmoja, mwandishi mmoja, daftari moja lisilobebwa na mtu kwenda nyumbani.

ONA inachukua wiki 2 au 3. Kosa la kwanza ni kuchagua mada ya semina: "umaskini", "maadili ya vijana", "utandawazi". Utandawazi utauonea wapi? Chukua jambo lenye mtu, mahali na siku. Mfano: wasichana wa kidato cha 2 wanakosa vipindi. Jibu la haraka la kundi litakuwa "wavivu" au "wana wapenzi". Liandikwe, kisha liwekwe pembeni. Mwandishi amwombe mwalimu wa darasa rejista ya mahudhurio ya miezi 3, ahesabu utoro wa kila mmoja kwa tarehe. Ukikuta siku 2 au 3 zinazojirudia kila baada ya wiki nne, umeshajua unatazama nini: hedhi. Sasa nenda vyooni. Matundu mangapi kwa wasichana wangapi? Kiwango cha shule zetu ni tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Mlango una komeo kwa ndani? Bomba liko hatua ngapi? Taka zinatupwa wapi? Wasichana waulizwe na wasichana, na majina yasiandikwe.

Maswali ya ONA ni manne: nini kinatokea, kinampata nani, kinatokana na nini, na nani anapata nafuu kikibaki hivyo. La nne ndilo linalorukwa na karibu kila kundi, kwa sababu linagusa watu.

AMUA: kosa kubwa ni kutafuta mstari wa kuwagombeza waliotazamwa. Kwa mfano huu someni Marko 5:25-34, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Muulizane: sheria ya wakati ule ilimweka wapi, Yesu alimweka wapi, alimwita nani mbele ya umati? Kisha linganisheni na mliyoyaona vyooni. Hapo ndipo mafundisho jamii yanaingia, na si kwa kukariri ensiklika. Chukueni kanuni ya auni: kilicho ndani ya uwezo wa kundi kisisukumwe kwa mkuu wa shule, na kilicho cha mkuu wa shule kisibebwe na watoto.

TENDA: kitendo kimoja, mtu anayewajibika, tarehe, kipimo. "Tutaelimisha jamii" hakipimiki. "Makomeo manne yafungwe kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili" kinapimika.

Halafu mapitio, ambayo ni nusu ya kazi. Baada ya wiki 4 hadi 8 rudini kwenye rejista ileile. Utoro haujapungua? Basi ONA ilikuwa na tundu, rudini. Wengi wanaishia hapa kwa sababu walitegemea makofi.

#12 Mama Rejista
Safi. Ila usiiamini rejista hivyo. Shule nyingi inajazwa Ijumaa kwa mkupuo, au kiranja anaweka alama za rafiki zake. Mkikuta darasa zima lina mahudhurio kamili mwezi mzima, msifurahi. Tumieni madaftari ya masomo yenye vipindi vingi, hisabati au Kiingereza. Tarehe zilizorukwa kwenye daftari la mwanafunzi hazidanganyi, isipokuwa kanakili baadaye, na nakala utaijua: wino mmoja kurasa tatu.

#13 Binti wa Ziwa
Asanteni. Nyongeza kwenye mfano huohuo, maana matawi mengi yakifika hapo yanakimbilia kuchangisha sodo. Pakiti zinagawiwa mwezi mmoja, picha zinapigwa, mwezi wa pili hakuna kitu. Wengine wanashona za kufua, jambo jema, lakini wanakosea sehemu mbili. Ya kwanza ni kitambaa: tabaka la juu liwe pamba laini au flana, katikati taulo tabaka 2 au 3, chini kitambaa kisichopitisha maji. Wakiweka nailoni ya mfuko inavunjika kwa kufuliwa mara chache na inachubua. Ya pili ndiyo mbaya zaidi, kuanika. Zinafuliwa kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni, kisha zinaanikwa juani. Bwenini msichana anaona aibu, anaanika chini ya godoro. Hazikauki, zinanuka, anapata muwasho, anaziacha. Mradi unaandikwa "wanufaika 60".

Kumbe kilichohitajika ni kamba ya kuanikia nyuma ya bweni, yenye jua na ukuta wa kuziba macho. Kardinali Cardijn aliyeanzisha TYCS alikuwa na maana hiyo: tazama kwanza.

#14 Kifungu kwa Kifungu
Cardijn hakuanzisha TYCS. Alianzisha harakati ya vijana wafanyakazi, JOC, ikawa rasmi Ubelgiji mwaka 1925. Kwetu mjukuu wake wa moja kwa moja ni VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Tawi la wanafunzi lilifuata baadaye kwa mbinu ileile, na harakati ya kimataifa, IYCS, ikaundwa 1946. Mbinu ilipata muhuri wa Papa Yohane XXIII kwenye Mater et Magistra, 1961, namba 236. Yeye Cardijn alifanywa kardinali 1965, akafariki 1967.

Si kwamba nawabana kwa tarehe. Cardijn alirudi likizo kutoka seminari akakuta wenzake aliosoma nao wako viwandani, hawamtazami machoni. Mbinu ilizaliwa kwa vijana wenye mshahara, saa za kazi na bosi, watu wenye kitu cha kudai. Imehamishiwa kwa mwanafunzi wa bweni asiye na ruhusa ya kutoka getini. Labda "Tenda" haikufa, ilifika kwetu ikiwa imefungwa miguu.

#15 Seli Ndogo
Hapo siendi nawe. Mwanafunzi ana bweni, choo, foleni ya chakula, kaka wa bweni anayeonea wadogo. Hicho ndicho kiwanda chake.

#16 Bakora Mstarini
Semeni ukweli wote. Kinachoua ni woga. Lile swali la nne la #11, mpe mtoto wa kidato cha 3 alijibu kuhusu mahindi ya mchango wa wazazi, duka la shule, au "fedha ya tahadhari" isiyorudishwa. Siku hiyohiyo ataitwa ofisini, ataulizwa ni nani anayewafundisha mgomo. Mlezi ataambiwa achague TYCS au kazi. Kwenye shule ya Kanisa ni vigumu zaidi kuliko ya serikali, maana mmiliki wa shule na padre mlezi wanakula meza moja. Kwaya haijawahi kumfukuzisha mtu shule.

#17 Chaki Nyeupe
Bakora, hilo kweli lipo, lakini nusu yake ni kukosa njia. Vijana wanapeleka jambo mstarini mbele ya shule nzima, au wanabandika karatasi usiku. Mkuu yeyote atajihami. Utaratibu unaopita ni huu: mlezi aone kwanza. Barua ukurasa mmoja. Takwimu bila majina. Sentensi moja ya kile kundi litakachofanya lenyewe, sentensi moja ya kile linachoomba. Ipite kwa baraza la wanafunzi ili isiwe ya Wakatoliki peke yao, na Waislamu na Walutheri waliomo waweke mkono wao. Tarehe ya kufuatilia iandikwe. Barua yenye "tunaomba mabati 3 na sisi tutachimba shimo" inajibiwa. Barua ya "uongozi umeshindwa" inajibiwa pia, kwa namna nyingine.

#18 Bakora Mstarini
Na ikiwa tatizo lenyewe ni uongozi kushindwa?

#19 Pwagu wa Kigango
Hapo unaimba wimbo wa toba.

#20 Fundi Torino
Mmeganda getini. Vijana wengi hawapo hata shuleni. Wako gereji, saluni, kwenye pikipiki. Utume wa elimu ya Kanisa hauanzi na sekondari. Don Bosco, padre mwanzilishi wa Wasalesiani, alipoanza kule Torino, Italia, alikwenda kwa vijana waliokuwa wanatafuta kibarua, na mwaka 1852 alisaini mkataba wa uanagenzi kati ya kijana na seremala. Mwajiri alifungwa kumfundisha kazi kweli, kumrekebisha kwa maneno bila kumpiga, kumwachia siku za sikukuu. Wasalesiani wapo Tanzania tangu 1980 na vyuo vyao vya ufundi mnavijua.

Kitu ambacho VIWAWA wa parokia wanaweza kufanya bila kusubiri jimbo: tembeeni gereji na karakana za mtaa, andikeni vijana waliojifunza kazi bila cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kijana anapimwa kwa kufanya kazi mbele ya mtathmini, anafundishwa mapengo, anapewa cheti. Wengi wanakwama kwenye mambo madogo: majina kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho hayalingani, hajui kusoma michoro, hana mtu wa kumwandikia kwamba amefanya kazi pale. Darasa la jioni la kusoma michoro na hesabu za vipimo, ukumbi wa parokia, mara 2 kwa wiki. Hiyo ndiyo "Tenda", na haihitaji ruhusa ya mkuu wa shule yeyote.

#21 Bukavu Juu
Jambo bandugu. Sisi huku Kongo tulipita njia yenu ila tukatokea upande mwingine. Zaire ilitaifisha shule mwaka 1974, mkataba wa Februari 1977 ukarudishia Kanisa usimamizi, serikali ikabaki na kulipa walimu. Kulipa kwa mdomo, mara nyingi. Ikafika wazazi wanalipa prime ya mwalimu, yaani nyongeza ya mshahara wake, miaka na miaka. Kwa hiyo usimamizi tulikuwa nao, maskini walikuwamo, na kila mwanzo wa mwezi walikuwa wanafukuzwa kwa deni. Msifikiri kurudishiwa shule ni dawa.

Kazi ya vijana huku ilikaa zaidi nje ya masomo. Xaveri ilianzishwa hapa Bukavu 1952 na Padre Defour wa Wamisionari wa Afrika. Makundi madogo, wakubwa wanaongoza wadogo, kazi za mikono, huduma mtaani. Haitegemei mwalimu, kwa hiyo mwalimu akihama haifi. Mama Rejista #4, fikiria hilo.

#22 Mama Rejista
Nimefikiri. Kwetu kuna Utoto Mtakatifu parokiani, ikifika sekondari mtoto anahamia TYCS shuleni, akimaliza kidato cha 4 anapotea hewani mpaka harusi yake. Uzi wa kuunganisha hao ni parokia, na parokia inawakumbuka Jumapili ya vijana.

#23 Binti wa Ziwa
Kuna kitu hamjagusa, mfuko wa kusaidia wanafunzi. Tangu 2016 sekondari ya serikali kidato cha 1 hadi 4 haina ada, lakini sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana vipo palepale. Matawi na parokia zinaanzisha mifuko, inakufa kwa makosa yaleyale. Pesa inakaa kwa mhazini mmoja kwenye simu yake. Mwanafunzi anapewa taslimu, nyumbani inanunua unga, huwezi kumlaumu. Na la kuua kabisa, majina ya wasaidiwa yanasomwa mwisho wa Misa ili wafadhili wapongezwe. Muhula unaofuata hao watoto hawaji kanisani.

Unaokaa hai una watia saini 3, mmoja awe nje ya uongozi; stakabadhi kwa kila shilingi; malipo yanakwenda dukani au kwa mwenye basi moja kwa moja; jumuiya ndogondogo ndiyo inayothibitisha hali ya nyumbani, kwa sababu majirani wanajua nani anajifanya; orodha inabaki kwa watu 3 hao. Kiasi kinapangwa kwa kitu na si kwa mtu: jozi 10 za viatu, nauli za watoto 5 kwa muhula. Hapo unajua kilipoishia.

#24 Mkomangi
Hilo la mfuko zuri, ila ni sadaka iliyopangwa vizuri. Ndilo ninalolalamikia. Kwa nini watoto 5 hawana nauli? Nani kawapangia shule kilomita 9?

#25 Binti wa Ziwa
Wakati unauliza nani kapanga, mtoto anatembea. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja.

#26 Sauti ya Pili
Naitetea kwaya kidogo, mmeipiga sana. Bila kwaya tawi halina watu. Watoto wanakuja kuimba, wanabaki. Mazoezi yana sehemu nne za sauti, na kila sehemu ina watu 8 au 10 wanaofahamiana. Makundi ya #11 hayo hapo tayari, hayahitaji kuundwa. Mpe kila kiongozi wa sauti daftari. Dakika 20 kabla ya kufungua kinanda.

#27 Chaki Nyeupe
Besi watachunguza nini, foleni ya wali?

#28 Sauti ya Pili
Foleni ya wali ni jambo lenye mtu, mahali na siku. Soma #11.

#29 Historia Haizeeki
Nyote mnazungumzia ufundi wa kundi. Mimi nasema hata kundi likiwa kamili, shule ya ada ya mamilioni itachunguza foleni ya wali na kuiita utume wa kijamii. Maskini watabaki wa kutembelewa na sabuni.

#30 Kifungu kwa Kifungu
Na mimi nauliza tena: mshahara wa mwalimu utoke wapi? Hujajibu tangu #6.

#31 Mlinda Lango
Niwaache na hilo lenu. Seli Ndogo, ukurasa wa daftari unachorwaje? Tawi letu linaanza mwezi ujao.

#32 Seli Ndogo
Kurasa mbili zilizotazamana. Kushoto: tarehe, kilichoonekana, nani kakiona kwa macho yake, kinampata nani, idadi, chanzo kinachodhaniwa, tutakihakiki vipi. Kulia: Neno lililosomwa na sentensi moja tu ya uamuzi, kitendo, mhusika, tarehe, gharama, tarehe ya mapitio, kilichobadilika. Safu ya mwisho isiachwe wazi hata kama jibu ni "hakuna". Viongozi wakibadilika wanakabidhiana daftari hili kwa kusoma kwa sauti kurasa ambazo hazijafungwa.

#33 Mlinda Lango
Shukrani. Swali la Fundi sasa. Milango ya vyoo vyetu ni bati tupu kwenye fremu ya mirunda. Komeo tulifunga kwa skrubu, likang'oka siku ya pili.

#34 Fundi Torino
Skrubu haishiki bati. Weka kipande cha mbao ndani ya mlango, upana inchi 3, unene inchi 1, kipite mlango mzima kutoka upande hadi upande. Komeo likae juu ya mbao, tumia boliti zinazotokea nje ya bati, nati na washa upande wa nje, kisha ponda ncha ya boliti kwa nyundo ili nati isifunguliwe. Kwenye mrunda usitegemee kijumba kidogo cha komeo. Toboa tundu refu la kuingiza pini sentimita 3. Na mlango ukiwa umeinama rekebisha bawaba kwanza, vinginevyo pini haitafika kwenye tundu na mtarudi kulaumu komeo.

#35 Bakora Mstarini
Mkimaliza komeo mniambie mkuu wa shule amesemaje.